Isome Pedi Kabla Hujaitupa

Saa tano asubuhi, gereji ya pembeni mwa barabara. Hilux imepandishwa jeki, na fundi anachomoa pedi za breki za mbele moja baada ya nyingine akizidondosha kwenye ndoo ya vyuma chakavu. Tatu bado zina nyama, ile sehemu inayosugua na kuliwa. Ya nne imeliwa mshazari: ncha moja ina milimita nne, ncha ya pili imebaki chuma kitupu chenye mikwaruzo. Pedi mpya zinaingia, matairi yanarudi, mwenye gari analipa na kuondoka.

Hakuna aliyeiangalia ile ya nne.

Ndoo ile imenikaa kichwani kwa wiki kadhaa. Pedi ile haikuwa na kosa. Ugonjwa uko kwenye kalipa, kifaa kinachozibana pedi kwenye diski ya chuma inayozunguka na tairi, na kalipa imeondoka na gari vilevile ilivyokuja. Seti mpya itaanza kuliwa mshazari tangu siku ya kwanza, na baada ya miezi michache mwenye gari atalilaumu duka lililomuuzia.

Kubadilisha pedi za mbele za pikapu ni kazi ya asubuhi moja nyumbani kwa mtu mwenye subira na spana chache. Wengi huipigia hesabu ya hela ya ufundi inayobaki mfukoni. Faida kubwa naiona kwingine: anayefungua mwenyewe hana foleni ya magari inayomsubiri, kwa hiyo anapata muda wa kuzisoma pedi za zamani.

Je, asiye fundi aguse breki?

Swali hili ni la haki, na anayelipuuza ndiye asiyefaa kuifanya kazi yenyewe. Jibu langu lina mpaka, na mpaka huo ni mafuta ya breki.

Kubadilisha pedi hakufungui bomba lolote wala mpira wowote unaopitisha mafuta. Unatoa kipande kilicholiwa, unaweka kipya, mafuta yanabaki ndani na upepo hauingii. Hadi hapo, mtu makini anaweza kufanya kazi iliyo salama.

Pistoni, kipande cha mviringo ndani ya kalipa kinachosukuma pedi, ikigoma kurudi, kalipa ikivuja, au mpira wa breki ukikutwa umevimba na kupasuka, kazi imegeuka nyingine. Sasa mfumo utafunguliwa, upepo utaingia, na lazima utolewe wote kwa utaratibu, tairi moja baada ya jingine. Asiyejua kutoa upepo asimame hapo, arudishe tairi na kumwita fundi aje gari lilipo. Gari lenye breki za kubahatisha haliendeshwi kwenda gereji.

Kalipa utakayoikuta

Nazungumzia Hilux ya 4x4, toleo la Vigo na yale yaliyolitangulia, kwa kuwa ndiyo pikapu iliyojaa mashambani, kwenye miradi na kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi. Mbele ina diski, nyuma ina dramu, ngoma ya chuma inayosuguliwa kwa ndani na viatu vya breki. Kalipa yake ya mbele haitelezi. Imefungwa imara na ina pistoni nne, mbili za ndani na mbili za nje, zinazobana diski kutoka pande zote. Pedi zimeshikwa na pini mbili ndefu zinazopenya kalipa na matundu ya pedi. Pini zimezuiwa na kiwaya chembamba kwenye ncha zake, na kuna springi ndogo inayozuia pedi zisigongegonge.

Kalipa yenyewe haifunguliwi. Ukichomoa pini mbili, pedi zinatoka kwa mkono.

Pikapu nyingine nyingi hutumia kalipa inayoteleza, yenye pistoni upande wa ndani tu. Hizo hufunguliwa bolti ya chini, kalipa ikainuliwa juu, na pini zake za kutelezea zikasafishwa na kupakwa grisi yake maalumu. Tofauti hiyo ikumbukwe tutakapofika kwenye kusoma.

Kununua na kupandisha

Nunua seti nzima ya ekseli ya mbele: pedi nne. Pedi mpya kushoto na kuukuu kulia hufanya gari livute upande mmoja unapokanyaga breki. Nenda dukani na namba ya chasisi, na ikiwezekana na pedi yenyewe ya zamani, maana pedi za Hilux za matoleo tofauti hufanana kwa macho bila kuingiliana. Angalia nyama ilivyoshikana na bamba la chuma. Ukiona ufa pembezoni, au pengo dogo kati ya nyama na bamba, irudishe hata kama boksi lake linapendeza.

Utahitaji soketi ya 21 kwa nati za tairi, nyundo ndogo, panchi nyembamba, plaizi, brashi ya waya, bisibisi kubwa bapa, bomba la sindano, matambara safi na grisi ya breki inayostahimili joto kali. Grisi ya kawaida ya bearing haifai. Ikipata moto huyeyuka na kutiririkia kwenye diski.

Gari lisimame kwenye sakafu ngumu na tambarare. Hendibreki juu, gia ya kwanza ndani, jiwe au gogo mbele na nyuma ya matairi ya nyuma. Legeza nati kidogo tairi likiwa bado chini. Kisha jeki, kisha stendi chini ya chasisi, kisha shusha gari likae juu ya stendi. Tairi ulilotoa lisukume chini ya chasisi, karibu na unapofanyia kazi.

Jeki ni ya kupandishia. Haifai kufanyiwa kazi chini yake, na hilo halina mjadala.

Zungusha usukani ili kalipa itazame nje. Sasa mwanga unaingia na mkono unafika.

Kuchomoa

Kabla hujagusa chochote, piga picha ya springi na kiwaya vilivyokaa. Kazi nyingi zinazokwama saa nane mchana zimekwamia kwenye springi ambayo hakuna anayekumbuka ilitazama wapi.

Fungua kifuniko cha kopo la mafuta ya breki kwenye injini. Pedi zilipokuwa zinaliwa, pistoni zilisogea mbele na mafuta yakashuka kwenye kopo. Kama mtu aliyajazia katikati, yatafurika pistoni zikirudishwa nyuma. Vuta kidogo kwa bomba la sindano. Mafuta haya hula rangi ya gari, kwa hiyo tone likidondoka limwagie maji mara moja.

Toa kiwaya kwa plaizi, kisha gonga pini kwa panchi taratibu. Magari ya pwani, Tanga hadi Mtwara na Mombasa pia, pini zake hushikwa sana na kutu. Zipulizie dawa ya kulegeza kutu na uzipe muda. Pini iliyopinda au kulika haifai kurudishwa hata ikisafishwa, kwa sababu pedi huteleza juu yake kila unapokanyaga.

Vumbi la breki usilipulize kwa kompresa. Baadhi ya pedi za zamani zina asbesto, na vumbi lililoruka linaishia mapafuni. Losha kwa maji ya sabuni au dawa ya kusafishia breki, ufute.

Toa pedi moja tu kwanza. Ya pili iache ndani. Sababu yake inakuja.

Kusoma

Hapa ndipo ningependa mtu akae chini na kutulia. Kila pedi inapotoka, ipange kwa mpangilio wa gari hadi zitimie nne, kushoto nje, kushoto ndani, kulia ndani, kulia nje, na uandike kwa chaki pale chini. Zikichanganyika, umepoteza habari yote.

Pima nyama bila bamba la chuma. Mpya huwa na zaidi kidogo ya milimita 10. Vitabu vya ufundi vya Toyota huweka mwisho kwenye milimita 1, lakini kwa gari linalobeba mzigo na kushuka milima mimi nabadilisha ikifika 3. Pedi nyembamba hupitisha joto kwa urahisi hadi kwenye pistoni na mafuta.

Zote nne zikiwa sawa na zimeliwa taratibu, furahi. Kalipa ni nzima.

Moja ikiwa mshazari, ncha moja nene na nyingine nyembamba, pistoni moja kati ya mbili zinazoisukuma imekwama. Ile ncha nene inaweza kuwa imekaa mbele ya pistoni isiyotoka kabisa, au ile nyembamba mbele ya pistoni isiyorudi. Utajua utakapozisukuma. Kutu huanzia kwenye mpira wa kuzuia vumbi kwenye pistoni ukichanika, maji na tope vikaingia, na baada ya mvua chache chuma kinavimba ndani ya tundu lake.

Ya ndani ikiwa imekwisha na ya nje bado nene, kwenye kalipa ya pistoni nne shuku pini zenye kutu au pistoni zote mbili za upande mmoja. Kwenye kalipa inayoteleza, karibu kila mara ni pini za kutelezea zilizokauka: pistoni inasukuma pedi ya ndani, lakini kalipa haitelezi kuivuta ya nje.

Pedi za tairi moja zikiwa zimekwisha na za tairi la pili bado nene, wengi hukimbilia kalipa na kusahau mpira wa breki. Mpira ukizeeka huweza kuporomoka kwa ndani huku nje ukionekana mzima. Mguu wako una nguvu ya kupitisha mafuta kwenda, lakini mafuta hayana nguvu ya kurudi. Breki inabaki imeshika, rimu inapata moto, gari linakula petroli au dizeli nyingi. Nyanyua tairi baada ya kukanyaga na kuachia. Kama ni zito kuzungusha, fungua kidogo nipo ya kalipa, skrubu ndogo ya kutolea upepo. Mafuta yakiruka na tairi likalegea, kizuizi kiko nyuma ya nipo, na mpira ndio wa kushukiwa kwanza. Tairi likibaki zito, ni pistoni. Jaribio hili limefungua mfumo, kwa hiyo ni la anayejua kutoa upepo.

Halafu tazama uso wa nyama. Uso uliokauka na kung'aa kama kioo umeungua. Pedi hiyo ilipata joto kupita uwezo wake, gundi iliyomo ikapanda juu na kuganda. Diski yake mara nyingi utaikuta na madoa ya bluu. Gari hili huteremka milima kwa breki badala ya gia.

Madereva husema "breki zimekataa" kwa mambo mawili tofauti, na tofauti yake inajulikana kwa mguu. Pedali ikiwa ngumu, imesimama juu, lakini gari halipungui, pedi zimezidiwa na joto. Pedali ikizama na kuwa laini, mafuta yamechemka na mvuke umejaa kwenye mabomba. Mafuta ya DOT 3 yakiwa mapya kabisa huchemka kuanzia nyuzi 205 za Selsiasi, lakini hunyonya unyevu wa hewa, na kiwango cha chini kinachotarajiwa yakishalowa ni nyuzi 140. DOT 4 ni 230 na 155. Mtu anayepita mlima wa Kitonga na mzigo, au anayeshuka kutoka Lushoto kwenda Mombo, aweke pedi nzuri anavyoweza; mafuta ya miaka mitano yatamwangusha bado. Miaka miwili yanatosha, kisha yabadilishwe yote.

Mwisho, diski yenyewe. Pitisha ukucha kutoka katikati kwenda nje. Mikwaruzo midogo ni kawaida. Mfereji unaokamata ukucha unahitaji kuchongwa. Unene wa mwisho umeandikwa kwenye diski yenyewe, na diski ikishuka chini ya hapo haichongwi tena, inabadilishwa.

Kurudisha pistoni

Safisha kwanza sehemu ya pistoni iliyochomoza, maana uchafu ukisukumwa ndani utachana sili, mpira unaozuia mafuta yasivuje. Tumia mafuta ya breki safi au dawa ya breki. Petroli, dizeli na oili ya injini huvimbisha mipira ya breki, na madhara yake huonekana wiki kadhaa baadaye, barabarani.

Irudishe pedi ya zamani mahali pake, ingiza bisibisi bapa kati yake na diski, na usukume taratibu ili pistoni mbili zirudi kwa pamoja. Kisha ndipo uitoe. Pistoni za upande wa pili zitataka kutoka mafuta yakihama, na ndiyo maana pedi ya upande huo imeachwa ndani: inazizuia. Ukitoa pedi zote mbili na kusukuma upande mmoja, pistoni ya ng'ambo inaweza kuruka nje na mafuta yote nyuma yake. Kazi ya asubuhi imekwisha hapo, na imeanza ya siku mbili.

Pistoni nzima hurudi kwa nguvu ya mkono bila ubishi. Moja ikirudi na nyingine ikasimama, umeipata ile iliyoandika mshazari. Usiilazimishe kwa nyundo.

Kalipa inataka kufunguliwa, kusafishwa na kuwekewa sili mpya, na pedi mpya zisubiri.

Najua hapa ndipo moyo unapobishana na mfuko. Pedi zimeshanunuliwa, gari linahitajika kesho, na pistoni tatu zinafanya kazi. Lakini ukifunga hivyo, umelipia pedi zitakazoliwa kwa kasi ileile, na gari litaendelea kusimama kwa nguvu isiyolingana kushoto na kulia.

Kupachika

Nyuma ya pedi kuna vibati vyembamba. Mafundi wengi huvitupa kwa kuona havina kazi, kisha pedi mpya zinapiga kelele na duka linalaumiwa. Vibati hivyo hupunguza mtetemo. Visafishe, paka grisi ya breki tabaka jembamba sana kati ya kibati na bamba, na penye kugusana na pini. Uso wa nyama usiguswe kwa kidole chenye grisi. Ukichafuka, pedi hiyo haiaminiki tena.

Kwenye baadhi ya pedi kuna kijibati kinachopiga mluzi nyama ikikaribia kwisha. Kikae pale kilipokuwa kwenye ya zamani. Ukiona mshale umechorwa, uelekee linakozungukia tairi gari likienda mbele.

Ingiza pedi ya kwanza, kisha toa ya pili na urudie. Pini, springi, kiwaya. Zungusha diski kwa mkono. Msuguano mwepesi unaruhusiwa. Funga nati kwa kuruka, ya ng'ambo na ng'ambo, kisha shusha gari na uzikaze chini. Nenda upande wa pili.

Sasa kanyaga breki kabla gari halijasogea hata kidogo.

Pedali itazama hadi chini mara ya kwanza, kwa sababu pistoni ziko mbali na pedi. Kanyaga tena na tena hadi isimame juu na kuwa ngumu. Anayesahau hatua hii huwasha gari, anatoka kinyumenyume getini, na mguu wake wa kwanza unakanyaga hewa. Kisha ongeza mafuta hadi alama ya juu, kwa aina iliyoandikwa kwenye kifuniko.

Barabara tupu ikipatikana, nenda kilomita 50 kwa saa na upunguze hadi 10 bila kusimama kabisa, mara nane hivi, ukiacha umbali wa kupoa katikati. Nyama mpya inajipaka kwenye diski kwa usawa. Usisimame na mguu kwenye breki diski ikiwa ya moto. Kilomita 200 za kwanza epuka kukanyaga kwa nguvu bila lazima, na baada ya kama 50 kaza nati za tairi tena.

Zote nne sawa, lakini zinaisha haraka

Hali hii ndiyo iliyonisumbua zaidi, kwa sababu kwa macho pedi hazina kosa lolote. Zimeliwa kwa usawa, kalipa ni nzima, dereva ni mtulivu, na bado seti haimalizi msimu.

Angalia nyuma.

Hilux nyingi zina valvu ya mzigo iliyofungwa kwenye chasisi juu ya ekseli ya nyuma, yenye fimbo inayoungana na ekseli. Gari likipakiwa, bodi inashuka, fimbo inaisukuma valvu, na dramu za nyuma zinaruhusiwa nguvu zaidi. Gari likiwa tupu, valvu inazibania ili matairi ya nyuma yasikwame na kuteleza.

Sasa fikiria tunavyozifanyia pikapu zetu. Springi za nyuma zinaongezwa pleti ili zibebe zaidi. Gari linainuka, na hata likiwa na saruji tele bodi haishuki sana. Valvu inaamini gari ni tupu. Nyuma inabaniwa, na uzito wote ulioongezwa unasimamishwa na pedi nne za mbele. Wakati mwingine fimbo imekwishakatika au imefungwa kwa waya, na hakuna anayejua valvu imebaki katika hali gani.

Dramu nazo zina lao. Kwenye Hilux nyingi kirekebishaji cha viatu vya breki hufanya kazi hendibreki inapovutwa. Gari ambalo kila siku huegeshwa kwa gia peke yake, hendibreki haiguswi, viatu vyake vinabaki mbali na dramu kadiri vinavyoliwa. Mikono midogo ya kebo kwenye ekseli nayo hushikwa na kutu. Dalili yake ni pedali inayokwenda chini sana na kupanda ukipampu mara mbili, na hendibreki inayovutika hadi mwisho.

Kwa hiyo kama pedi zako za mbele zimeisha kwa usawa na mapema, ingia chini ya gari upande wa nyuma kabla ya kwenda dukani. Shika fimbo ya valvu uone kama ipo, inacheza na haijapinda. Kama springi ziliongezwa, fundi anayeijua valvu hiyo airekebishe kulingana na kimo kipya cha gari, kwa geji ya presha, si kwa kukisia. Fungua dramu, pima nyama ya viatu, tazama kama silinda ndogo zinavuja, legeza mikono ya kebo na urekebishe viatu hadi viguse kidogo. Ndipo ununue pedi za mbele.